Mtu Anayenitangulia Nyakabanda

Ukurasa huu nimeunakili kama ulivyo kutoka daftari langu la mwaka 1993, nilipokuwa nikiishi na mama yangu katika mtaa wa Biryogo.

Jumatano, Kigali. Mawingu tangu alfajiri, na mvua haikunyesha.

Leo sijisikii vizuri, na si malaria.

Watu wakiniuliza kazi yangu, naieleza hivi. Serikali inajua inatoa kiasi gani kwa vituo vya afya vya mitaani: mishahara ya wauguzi, chanjo, dawa. Isichojua ni kile ambacho watu wanatoa mfukoni mwao pale mama anapombeba mtoto mwenye homa kumpeleka kituoni. Bila hicho, hesabu ya nchi nzima inabaki nusu. Kwa hiyo napita nyumba kwa nyumba na fomu zangu, nauliza. Wahoji tuko wawili tu, mimi na Anastasie, na Anastasie yuko Butare wiki nzima.

Naipenda kazi hii. Leo naona aibu kidogo kuandika hivyo.

Jana nilianza mtaa wa Nyakabanda. Nyumba ya kwanza ni ya mzee mmoja fundi viatu. Aliitazama fomu yangu, akatabasamu.

"Binti, mwenzako alishapita juzi. Tulimjibu yote."

Nikadhani ananichanganya na watu wa chanjo. Nyumba ya pili wakaniambia vilevile. Ya nne pia. Mwanamume mpole, walisema, shati jeupe, fomu kama hii hii. Nakiri kwamba nilichosikia wakati ule ni hasira tu. Nilidhani Bwana Evariste, mkuu wetu ofisini, ametuma mtu wa kunikagua kwa siri.

Leo asubuhi nikarudi, nikamuuliza Mama Claudine, ambaye anauza mkaa pale chini, aliulizwa maswali gani hasa. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Aliuliza tunalala wangapi. Watoto wanalala chumba gani. Kama mlango wa nyuma unafunguka. Halafu akaomba vitambulisho, akaandika kabila."

"Na pesa ya dawa?"

"Hapana, dada. Pesa hakuuliza."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. Nadhani ndipo aliposikia mwenyewe alichokuwa anasema.

Hakuuliza pesa.

Saa sita hivi nilimwona. Nilikuwa upande wa juu wa njia, yeye yuko chini, anatoka kwenye ua wa watu akiwa na faili kwapani. Shati jeupe kweli, limepigwa pasi. Aliinua kichwa, akaniona na karatasi zangu, akanipungia mkono kama mfanyakazi mwenzangu. Na mimi, kwa mazoea tu, mkono wangu ukanyanyuka, nikampungia.

Bado nauona ule mkono wangu.

Nilishuka mbio. Nilipofika hakuwepo, na mwenye ua alikuwa ameshafunga mlango. Nilibisha. Nilisikia mtu anapumua upande wa pili, lakini hakunifungulia.

Nilienda moja kwa moja ofisini. Bwana Evariste alinisikiliza bila kuninyanyulia macho. Ni mtu mwema. Mwaka jana alinilipia daktari wa mama bila kuniambia.

"Walikuja wiki iliyopita kuomba nakala ya fomu," akasema. "Nikawapa."

"Akina nani?"

"Walikuwa na barua, Zaina. Sikuweza kukataa." Akafunga kalamu yake, akaifungua tena. "Na zako ulizojaza, uniletee zote Ijumaa. Wameziulizia pia."

"Za matumizi ya dawa? Watazifanyia nini?"

"Ukurasa wa kwanza tu ndio wanautaka."

Ukurasa wa kwanza naujua kwa moyo. Jina la mwenye nyumba. Idadi ya wanaolala humo. Namna ya kuipata nyumba. Kabila halimo, lakini hilo yule mtu analiandika mwenyewe. Mimi nimeandika, kwa mwandiko wangu mzuri ambao walimu waliusifu: bati jekundu, nyuma ya kinyozi. Ua wa miti ya miyenzi, mbwa hana kelele. Niliandika vile ili Anastasie asipotee akija kuhakiki.

Tangu vita vianze kule kaskazini, tumezoea vizuizi na vitambulisho, na watu wanaoacha kuongea ukipita. Hiki sijakizoea.

Nimerudi nyumbani kabla ya magharibi. Mama alikuwa amewasha mbabura, jiko letu la mkaa, uani, anapika ugali. Nikakaa karibu naye, nikaanza kuchana ukurasa wa kwanza wa kila fomu na kuuweka juu ya makaa, mmoja baada ya mwingine. Mama aliangalia kidogo.

"Hiyo si kazi yako?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Alisogeza sufuria ili moto upate nafasi.

Zilizobaki ni kurasa za pili na tatu. Humo mna mtu aliyeuza kuku wawili kwa ajili ya sindano, na mwingine aliyerudi nyumbani na mtoto wake kwa sababu alipungukiwa faranga za kumwona muuguzi. Hawana majina sasa. Hesabu ya nchi haihitaji majina yao. Sijui Bwana Evariste atasema nini Ijumaa, wala kama Jumatatu nitakuwa bado na kazi. Naogopa, na mama anajua kwamba naogopa.

Kurasa za yule mtu sina uwezo nazo.

Kesho nimepangiwa mtaa wa Kabeza. Nitaondoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, nifike kabla yake. Kila mlango nitawaambia wasimjibu mtu yeyote mwenye fomu.

Hata mimi.