Neno la Baba Kwenye Kaseti

Somanda,
Bariadi.
14 Agosti 2005

Mpendwa mdogo wangu Anatoli,

Mwangaluka. Habari za huko Kitwe, na za mkeo Wilhelmina na watoto? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama yupo, ila macho yanazidi kumpungua. Siku hizi ananitambua kwa sauti. Mahindi tulipata kidogo, pamba tumeshauza.

Barua hii nimeianza mara tatu. Sijui nikuelezeje.

Unaikumbuka kaseti niliyorekodi siku ulipoondoka, mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipofika Dutwa kwa mara ya kwanza na malori yao? Dereva uliyepanda naye hakutaka kuzima injini, aliogopa wenzake watamtangulia. Baba alipoona redio inarekodi akaacha Kisukuma, akasema kwa Kiswahili, "Anatoli, usirudi." Baada ya hapo ni mngurumo tu. Uliondoka na neno hilo, na alipofariki hukuja kumzika. Nilikulaumu sana, unajua mwenyewe.

Sasa Keneth, mume wa Jenipha wangu, amenunua kompyuta kuukuu Mwanza. Nikampelekea kaseti aihamishie humo kabla mkanda haujaharibika. Akanionyesha kwenye kioo vitu viwili vya kusogeza juu na chini: besi ni sauti nene, trebo ni sauti nyembamba. Alipoteremsha besi, lori likafifia. Alipopandisha trebo, nikasikia neno jingine baada ya lile. "Usirudi nyuma." Miaka yote hii, kumbe baba alikuwa anakutia moyo.

Lakini Keneth akasema, "Mama, mimi nasikia 'usirudi nyumbani.'"

Akarudia, nami nikasikia nyumbani. Tukapunguza trebo kidogo, ikawa nyuma. Tukaongeza, mkanda ukachachatika kama mafuta kwenye kikaango, na sauti ikakonda hata si ya baba tena. Tukirudisha besi, baba anarudi, lakini na lori nalo linarudi. Nimeshinda pale siku tatu, Anatoli, na sijui nimesikia nini. Nikienda kuchota maji nasikia yote mawili.

Juzi tukamleta mama, maana siku ile alisimama karibu na baba. Keneth akampigia ile yenye trebo. Mama akauliza, "Huyo ni nani?" Akampigia ile yenye besi. Mama akanyoosha mkono akaipapasa spika, akauacha mkono pale mpaka mwisho.

Nikamwuliza, "Mayu, alisema nyuma au nyumbani?"

Akasema siku ile hakusikia, na leo pia hajasikia. Kisha akasema, "Yeye alisema yake, akaenda. Mimi bado nipo. Mwandikie ng'wana wane, mwambie mama yake anamwita nyumbani."

Nakutumia CD yenye zote mbili, usikilize mwenyewe. Labda wewe utaelewa, mimi nimeshindwa. Ila hilo la mama nimelisikia vizuri.

Kaka Mahona na shangazi Domitila wanawasalimu, na Jenipha pia. Mungu awatunze hapo mlipo, na awatunze njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokulaumu,

Kornelia