Jina kwenye Lebo ya Gunia

Lanham, Maryland
9 Februari 2024

Kaka Mutai,

Habari za Kericho? Goti la wifi linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenivalisha soksi mbili mbili kama mlinzi.

Uliuliza nafanya nini hasa maabara. Naosha chupa, kaka. Miaka ishirini Marekani, chupa! Ila bosi wangu, Daktari Laure, Mrundi mwenye subira, amenieleza kazi yenyewe. Ndani ya seli kuna vifuko vya mizigo, na protini ndogo iitwayo Rab ndiyo karani wake. Ikiwashwa, mzigo unaenda unakotakiwa, ikizimwa, inapumzika. Nikacheka. Ni wewe kabisa, kwenye banda la kupimia majani chai, ukiandika lebo za magunia kwa herufi ambazo hata ng'ombe angesoma. Unakumbuka uliponifunga mkononi lebo yenye jina langu? Nililia hadi jioni nikidhani napelekwa kiwandani.

Siku hizi mbona herufi zako zimekuwa za sisimizi? Karatasi zimeadimika?

Mdogo wako,
Chepngetich

Kericho
14 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tu wazima. Goti la wifi yako linalalamika kuliko mwenyewe. Karatasi tele, macho yako ndiyo yamezeeka, nunua miwani. Na huyo karani wako Rab, akikwama?

Kaka yako

Lanham
2 Aprili 2024

Kaka,

Leo siulizi kwa mazoea. U mzima kweli?

Swali lako nilimpelekea Daktari Laure. Akasema kuna wagonjwa ambao protini nyingine humshika Rab asizimike, mizigo ikalundikana, seli za ubongo zikachoka. Ni njia mojawapo inayoleta ugonjwa wa Parkinson. Kisha akanionyesha mwandiko wa mgonjwa: mstari unaanza vizuri, unasinyaa ukielekea mwisho.

Nimepanga barua zako za miaka minne mezani. Nisamehe nilivyokucheka. Mimi ni mwosha chupa tu, sijui kupima mtu. Nenda Eldoret ukaonane na daktari wa neva. Tafadhali.

Mdogo wako

Lanham
20 Juni 2024

Kaka,

Umenuna? Nitukane basi, ila kwa maandishi.

Mdogo wako

Kericho
11 Julai 2024

Mdogo wangu,

Chupa hazijambo?

Nilinuna, ndiyo. Mkono unatetemeka tangu mwaka juzi. Nilikuwa nauficha mfukoni hata kanisani. Wifi yako akaikuta barua yako, akanisomea kwa sauti mara tatu, ikabidi nipande gari.

Ni Parkinson. Dawa nimeanza. Nilimuuliza daktari kuhusu Rab, akashangaa mzee wa chai kajulia wapi. Akasema hiyo bado ni utafiti. Kwa hiyo zioshe vizuri hizo chupa.

Akaniambia niandike kwenye mistari, herufi kubwa. Nikachimbua lebo za zamani stoo. Moja nimeitia humu. Herufi kumi na moja, asubuhi nzima. Baba angekupa jina fupi ningewahi chai ya saa nne. Lakini itazame: ya mwisho ni kubwa sawa na ya kwanza.

Usilie. Hupelekwi kiwandani.

Kaka yako, karani