Nishani ya Mama

Jumapili

Nusura niharibu jubilei ya ndoa ya wazazi wangu kwa zawadi niliyoitengeneza mwenyewe! Nilikuwa nimeiga nishani ya malkia mmoja wa Ulaya, wa karne ya kumi na tisa: sura yake na ya mumewe zimechongwa kwenye jiwe, zikazungushiwa vito. Sonara mimi nikachonga za Mama na Baba, pembeni vito vidogo vya Tunduru.

Mama alishtuka. "Sura kifuani? Kwani nani kafa?"

Sikuwaza kabisa. Huku kwetu beji ya sura ya mtu huvaliwa msibani. Nikawaeleza habari za yule malkia.

Baba akaibana kwenye gauni la Mama. "Hata malkia alivaa yake akiwa mzima, mke wangu."

Mama akajitazama kiooni. Halafu huyo, kwa majirani, nyumba hadi nyumba: "Nitazameni, ningali hai!"