Nimeliendesha Lile Jipya

Kwa Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wajukuu. Natumaini goti lako limetulia na shemeji ameacha kukuficha chumvi. Huku kwetu hatujambo. Mama watoto anakusalimu, anasema umenyamaza mno kama mtu mwenye deni, na wewe huna deni na mtu.

Kilichonishikisha kalamu ni lile gari. Lile jipya ulilolikataa kwa kuliona pichani tu, ukasema wametengeneza kabati lenye magurudumu. Idara yetu ya maji imeletewa moja, jeupe, na mimi ndiye niliyekabidhiwa, maana hakuna dereva wa siku nyingi kunizidi. Ufunguo wenyewe si ufunguo, ni kidude mfano wa kiberiti. Unakitia mfukoni, unabonyeza kitufe, injini inaguna.

Nikueleze bila upendeleo. Umbo wamelirudisha kuwa la pembe nne, na taa za mbele ni za mviringo tena, kama za lile la zamani tulilojifunzia mimi na wewe. Boneti imenyooka, ukiketi kwenye usukani unaziona ncha zake zote mbili, unajua gari linaishia wapi. Mlango ukiufunga unaitika puu, sauti nzito, siyo ile ya sufuria kuanguka. Hapo nilitabasamu, nakiri. Injini ndiyo iliyonitia shaka. Silinda nne badala ya sita! Nikasema hili litapanda mlima kwa kusukumwa. Siku ileile nikaliomba radhi kimoyomoyo, kwa sababu nguvu inakuja mapema, bila makelele, kama mtu mfupi aliyezoea kubeba.

Lawama ninazo pia. Katikati ya dashibodi wameweka skrini kubwa kama sinia, hata kupunguza baridi lazima uipapase. Halafu kengele! Usipofunga mkanda linalia, ukikanyaga mstari linalia, ukikaribia ukuta linalia. Nilimwambia mpima kwamba gari hili lina gubu la wifi, akacheka mpaka machozi. Mpima ni yule binti anayepima kina cha mito, nampeleka vituoni mwaka wa sita sasa. Yeye, kama wote ofisini, ananiita Mzee Gia.

Jumanne tulikwenda naye kituo cha mbali kuliko vyote. Barabara ni mawe, makorongo, kisha tope. Kwenye mteremko nilibonyeza kitufe, nikatoa mguu kwenye breki, na gari likashuka lenyewe taratibu kama mtu anayeshuka ngazi na trei ya chai. Kwenye kivuko cha mto maji yalifika vizingiti vya milango. Nikafunga difu ili magurudumu yote yavute pamoja, nikaingia. Halikusita hata kidogo. Mpima, ambaye siku zote hapo hushika mpini wa juu na kufumba macho, alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Kaka, nilifurahi kama mtoto.

Tukaupanda ukingo wa pili. Niliona njia nyeupe, nikakanyaga mafuta. Ghafla gari likapiga yowe na kujisimamisha lenyewe. Mkanda ukanibana kifua, daftari la mpima likaruka hadi kwenye kioo. Nikaanza kulitukana gari, nikidhani ni wazimu wa kompyuta. Kisha nikasikia kofi juu ya boneti. Alikuwa mwalimu mmoja, mwanamke, anasukuma baiskeli, amesimama mbele yetu upande wa kushoto, karibu kiasi cha gurudumu lake kugusa bampa. Akapaza sauti, "Wewe dereva, huna macho?"

Ni tusi la kila siku barabarani, nimewarushia watu wangapi mimi mwenyewe. Lakini siku ile nilizima injini. Mpima akaniambia polepole kwamba yeye alimwona mwalimu tangu mbali, akadhani nami namwona.

Nilishuka, nikamwomba mwalimu msamaha, nikampa mpima kile kidude. Akaniuliza kama naumwa. Ndipo nilipomwambia neno ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata mama watoto: jicho langu la kushoto halioni. Lilianza kwa ukungu pembeni, nikasema ni umri. Ukungu ukasogea, ukafunga dirisha lote. Nikajizoeza kugeuza shingo. Pale kazini tunapopimwa macho, ubao ni uleule kila mwaka; herufi zake nilizikariri.

Sasa ni mwaka na miezi, Kaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Mlipokuja likizo, aliyewapokea stendi na kuwazungusha siku tatu ni mimi, na jicho langu moja. Mjukuu wako mdogo alikaa mbele, upande wa kushoto. Hilo linaniuma kuliko kazi. Sina utetezi. Ukinisamehe nitashukuru, na ukinikasirikia nitajua ni haki yako.

Mpima ndiye aliyeturudisha mjini. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara, nikasema yote. Alisema nimemweka pabaya sana, kisha akanihamishia karakana, nikague magari kabla hayajatoka. Leseni nimeirudisha. Lile jipya sasa analo dereva mwenzangu mmoja anayelikanyaga kana kwamba anaua nyoka. Likipita getini nageukia ukutani.

Mama watoto alilia, kisha akanipeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, lakini hili la kulia linaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Daktari akaniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikasema ninaye mmoja, mkubwa wangu. Akasema ugonjwa huu hutembea katika damu, hauumi wala haupigi hodi, na huyo ndugu akapimwe wiki hiihii, asisubiri kuona ukungu.

Basi nenda, Kaka. Najua utasema unaona vizuri. Nami nilikuwa nasema hivyohivyo. Ndani ya bahasha hii kuna kikaratasi cha shemeji, nimekikunja mbali na barua yako. Nimemwomba akushike mkono mpaka mlangoni kwa daktari, kwa hiyo usijichoshe kutafuta visingizio.

Wabusu wajukuu wote, yule mdogo mara mbili. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nuru yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gia