Vifungo vya Kinanthi

Kijiji cha Karangsari,
Klaten, Java ya Kati.
2 Agosti 2009

Mpendwa mdogo wangu Partinah,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kikohozi ulichokuwa nacho Jumapili ile kimekwisha. Mzee unayemtunza huko Taiwani anaendeleaje? Bado anakataa kuoga? Sisi hapa hatujambo. Goti langu la kushoto linauma asubuhi, likipata joto linatulia. Wifi yako Tumirah ni mzima, ila kanenepa na hataki kuambiwa. Mvua imekatika tangu Juni, na watu wanaanika tumbaku mpaka kwenye ua wa msikiti.

Uliniuliza habari za mwanao kwenye simu, nikakujibu kwamba hajambo, mara mwajiri wako akaitaka simu yake. Hajambo, ni kweli, lakini hiyo si habari yote. Nakuandikia iliyobaki, bila chumvi.

Sharti la mwalimu mkuu unalijua. Darasa la kwanza lina watoto arobaini na mwalimu mmoja. Alisema mtindio wa ubongo haumzuii Kinanthi kusoma, ila lazima awe anakula, anavaa na anakwenda chooni mwenyewe. Alitupa mwaka mmoja.

Januari akaanza kuja Retno, mtaalamu wa tiba kwa vitendo kutoka Solo. Ni binti mwembamba, anakuja na pikipiki kila Jumatano. Siku ya kwanza Tumirah alifagia sebule nzima akitegemea mashine zitahitaji nafasi. Retno akaja na mkoba mtupu. Akafungua kabati la vyombo, akachungulia chooni, akamtazama Kinanthi anavyoketi.

"Mashine ziko wapi, mwanangu?" Tumirah akamuuliza.

"Nimeziona jikoni, mama."

Basi Kinanthi akawa mtu wa tempe. Unajua wifi yako huchemsha soya kila baada ya siku mbili, azichachushe ziwe vipande vya tempe vya kuuza sokoni. Mtoto akawekewa beseni, akawa anazisugua soya kwa mikono yote miwili mpaka maganda yatoke. Mkono wa kulia, ule unaojikunja, ulikuwa hautaki. Siku nyingine Retno aliuvisha ule mzima soksi kwa nusu saa, usije ukamfanyia mwenzake kazi. Mpini wa kijiko tuliuviringishia kitambaa uwe mnene. Chini ya kiti tuliweka kigoda, miguu isining'inie wakati wa kula. Mimi nikaagizwa nishone vifungo vikubwa kwenye mashati yake, na matundu mapana. Hilo nililifanya siku ileile.

Sarinem jirani, unaujua mdomo wake, alisimama uani kwetu akasema, "Jamani, mtoto mwenyewe hajiwezi, mnamtumikisha kama kijakazi! Mama yake akijua je?"

"Mama yake anajua," Tumirah akamjibu. "Wewe ndiye hujui. Kaa umsaidie, soya ni nyingi."

Hakukaa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikukuambia, nalo ni kosa langu. Mwezi wa Mei Retno aliona mambo hayaendi. Kijiko kilikuwa kinafika mdomoni, lakini vifungo havikusogea hata kimoja. Akauliza nani anamvalisha mtoto asubuhi. Tumirah akasema anavaa mwenyewe, maana ndivyo nilivyokuwa nikimwambia akirudi sokoni.

"Ananifunga Mjomba," Kinanthi akasema. "Ana haraka."

Nilikuwa kwenye cherehani. Niliendelea kukanyaga, ingawa uzi ulikuwa umeshakatika.

"Mzee Wiryono," Retno akaniita. "Ukimfunga wewe vifungo, nani kafanya mazoezi?"

"Mimi."

"Basi hongera. Una mkono wenye nguvu sana."

Kinanthi alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Tumirah hakunisemesha siku mbili.

Nitakueleza sababu, ingawa si utetezi. Mikono yangu imezoea kwenda mbio miaka thelathini na tano. Kumtazama mtoto akikifuata kifungo kimoja, kikimponyoka, akikifuata tena, kuliniuma kuliko goti. Nilikuwa nasema namwonea huruma. Nadhani nilikuwa najionea huruma mwenyewe. Nikamwambia Retno hivyo. Akasema dawa ipo: kila asubuhi niketi mbele ya mtoto, nikalie viganja vyangu mpaka amalize. Nilidhani ni mzaha. Nikakaa hivyo, mtu wa miaka hamsini na minane, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Siku ya kwanza vifungo viwili vilikula dakika ishirini na tatu. Siku ya nne alilia, akalitupa shati sakafuni. Nikainuka. "Kaa!" akaniambia, kwa sauti yako kabisa, ile uliyokuwa ukifukuzia kuku. Nikakaa. Alikaa naye chini kwa muda, kisha akaliokota shati. Katikati ya Juni alikuwa anafunga vyote vitano, siku nyingine kwa dakika tisa, siku nyingine kwa kumi na tano.

Mwishoni mwa mwezi huo tukaenda shuleni kuangaliwa. Mwalimu mkuu, mama mrefu asiyetabasamu, alimwekea wali na mboga. Alikula, ila kama robo ya wali ilimwagikia mezani. Kisha akaambiwa avue viatu, avivae tena. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama, anatazama saa. Kinanthi akainua uso.

"Mwalimu, keti. Mimi nachukua muda."

Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu mkuu akavuta kiti, akaketi, akabaki hapo mpaka kiatu cha pili kikaingia. Kisha akasema anampokea kwa majaribio hadi Desemba. Usije ukawatangazia watu kwamba mambo yamekwisha, hayajakwisha. Anaandika kwa kushoto, polepole, na mwalimu wa darasa ameshalalamika mara moja.

Shule ilifunguliwa tarehe kumi na tatu Julai. Asubuhi hiyo alijifunga vifungo vyote, lakini aliruka tundu la kwanza, kwa hiyo shati zima lilikwenda upande na kola ikapanda sikioni. Tumirah akanitazama. Nikamtazama. Hakuna aliyeligusa. Tukatoka hivyo mimi na mtoto, njiani tukipishana na watoto ambao nusu ya sare zao nimezishona kwa mkono wangu.

Sarinem alikuwa mlangoni kwake. "Fundi! Siku hizi ndivyo unavyoshona?"

"Shati nimeshona mimi," nikamwambia. "Vifungo kafunga mwenyewe."

Akalitazama shati. Akaingia ndani, akatoka na ndizi, akampa mtoto bila kuimenya.

Tumirah anakusalimu sana. Shangazi Ginem wa Delanggu naye anakusalimu, anauliza kama huko unapata pilipili ya maana. Retno hujamwona lakini anakujua, maana mtoto anakutaja kila Jumatano.

Mkataba wako unakwisha Machi, na safari hii tunakutegemea nyumbani. Najua utataka kumlisha, kumvalisha na kumbeba, ulipe miaka miwili kwa siku moja. Nakuomba usifanye hivyo. Amesema chai yako ya kwanza ataimimina yeye. Itamwagika. Wewe kunywa itakayobaki.

Ramadhani inaingia baada ya wiki tatu. Mungu aipokee saumu yako hukohuko ugenini, na akurejeshe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi kaka yako, ambaye hajapunguza kukupenda,

Wiryono