Buna Ilipoa Nikiwa Kilimani

Kulamawe, Jumapili usiku

Na kesho tunarudi Nairobi. Likizo yote nimeimalizia juu ya kile kilima cha nyuma ya nyumba ya Mama, nikitafuta netiwaki ili niwajibu watu wa ofisi.

Leo Mama alikaanga buna kwa samli, punje za kahawa za kutafuna, za kutuaga, ambazo haziliwi kabla ya dua. Aliniita. Nikapiga kelele kutoka juu kwamba nakuja sasa hivi.

Niliposhuka, sufuria ilikuwa imeshaoshwa. Watoto wangu midomo inang'aa samli, wameshaombewa dua mmoja mmoja.

"Si ungeningoja, Mama?"

"Nilikungoja mpaka ikapoa," akasema, bila hasira hata kidogo. "Wewe nitakuombea kwa simu."

Simu zake ndizo huwa sishiki, na anajua.