Maji ya Mzee Kasiano

Sumbawanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii ikukute hapo Newala umekaa, si umelala. Presha imeshuka? Dawa unameza kila siku, au unangoja mpaka kichwa kianze kuuma? Na Bibi, magoti yake yanasemaje? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku Ufipa inanitesa, nalala na masweta mawili, lakini baridi si neno. Neno ni jingine, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yangu ukiipokea unaiweka spika, baraza zima linasikiliza. Hii isome peke yako, Mama, na ukimaliza usimpe Mjomba.

Unakumbuka nilikueleza kwamba tunalima saladi bila udongo, ukacheka ukasema labda tunalima hewani. Miche inakaa kwenye mabomba yaliyotobolewa matundu, mizizi inaning'inia ndani ya maji yenye mbolea, na maji yanatoka kwenye mapipa manne. Kazi yangu ni kuyapima asubuhi na jioni kwa kipimo kinachofanana na kalamu nene. Kikisoma sita hivi, mmea unakula. Kikipanda juu, maji yameelekea magadi, na mmea unakufa njaa huku chakula kimeuzunguka. Kuteka maji kisimani na kujaza mapipa ilikuwa kazi ya Mzee Kasiano.

Mzee Kasiano ndiye mwenye nyumba ninayoishi, na ndiye aliyeniombea kazi kwa bosi. Mkewe, Mama Leokadia, ni Mkatoliki wa kwenda kanisani kila asubuhi, lakini mwezi wa Ramadhani alinipikia uji wa ulezi wa kufuturu, hakukosa hata siku moja. Tunakula sinia moja sisi watatu. Waliniita mtoto wao tangu wiki ya kwanza, nami nikadeka.

Basi, saladi zikaanza kuwa njano. Kipimo kinasoma nane. Natia asidi kidogo, kinashuka. Kesho yake kimepanda tena. Nikadhani kipimo kimeharibika, nikakijaribu kwenye maji yake maalumu, kizima kabisa. Banda zima likanyauka, na wateja wetu wa Majengo wakaacha kuchukua mzigo. Bosi akaniuliza maji yana nini, nikamjibu kwamba yanakuja na magadi. Nilisema hivyo tu, Mama. Yeye akamalizia mwenyewe: mzee ni mvivu, anateka bondeni wanapofulia watu badala ya kupanda mpaka kisimani. Mzee akakana. Akafukuzwa mbele yetu sote, na mimi nimeshika kipimo mkononi, nikanyamaza kwa sababu nilikiamini.

Nikapewa na kazi yake ya kuteka. Nikateka kisimani kwa mikono yangu, na saladi zikaendelea kufa. Ndipo nikapata akili ya kupima maji yakiwa bado kwenye ndoo. Yalikuwa mazuri. Nikayamimina pipani, nikakoroga, nikapima tena, yamepanda. Nikamwaga yote, nikainama nikaingiza kichwa ndani ya pipa. Chini kulikuwa na tope la kijivu.

Majivu, Mama. Mapipa yalikuwa yanaota utando wa kijani, nami kila wiki nilikuwa nayasugua kwa majivu ya jikoni kwa Mama Leokadia, kama tunavyosugua masufuria nyumbani. Na kusuuza? Nilikuwa nasuuza kwa kikombe kimoja. Huku maji ni tele, lakini mkono wangu bado uko Newala, unaona dhambi kumwaga ndoo nzima. Na majivu hayohayo ndiyo tunayochuja kupata magadi ya kupikia mlenda! Nimekuchujia tangu nikiwa mdogo wa kukanyaga gauni. Sikulaumu, wala usijilaumu. Nilikaa pale chini nikalia kwa aibu kabla hata sijamwonea mzee huruma.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa bosi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema vizuri, tatizo tumelijua, suuza sawasawa, na jambo liishie hapa. Wateja ameshawaambia kwamba mzee ndiye aliyeharibu, na wamekubali kurudi. Nikishikilia kusema, basi ataona kazi imenishinda. Nikafikiria dawa zako, nikatoka. Wiki tatu nimenyamaza. Wiki tatu nimekula sinia moja na mtu niliyemfukuzisha kazi.

Huku nyuma maneno yamekua. Watu wa mtaani hawasemi tena kwamba mzee ni mvivu. Wanasema mkono wake unakausha mimea. Unajua mtu wa umri wake akishasemwa hivyo, mwisho wake unaweza kuwa upi. Jumamosi iliyopita jumuiya yao ya kusali ilikuwa zamu ya nyumba yetu. Mama Leokadia alifagia ua, akaazima mabenchi, akachemsha chai sufuria kubwa. Akaja bibi mmoja tu, asiyesikia vizuri. Wakasali watatu kwenye mabenchi manne, halafu mzee akayarudisha mabenchi mwenyewe, moja moja, kichwani, njia nzima inamtazama.

Jana jioni nikashindwa. Nikawaambia jikoni, wote wawili, kuanzia majivu mpaka maneno ya bosi. Mzee alisogeza kuni moja motoni. Halafu akauliza, "Bosi anajua tangu lini?"

Nikamwambia wiki tatu.

"Basi, mwanangu, mmenifukuza mara mbili."

Bado aliniita mwanangu, Mama, na hilo siwezi kulibeba. Mama Leokadia alisonga ugali, akapakua wa kwao kwenye sinia, na mimi akanipakulia kwenye sahani yangu peke yangu, ile ya maua anayotolea wageni. Akaniwekea na kijiko.

Jumamosi hii jumuiya inakutana nyumba ya jirani. Si dini yangu, lakini nitakwenda, nitasimama mbele yao niseme kila kitu. Kazi itakwenda, hilo najua, na dawa zako sijui zitatoka wapi. Nisamehe, nitafua nguo za watu, nitapalilia, nitafanya chochote. Kinachoninyima usingizi si kazi. Naogopa watanisikiliza mpaka mwisho, halafu waseme mzee ameniroga ili nimtetee. Wakisema hivyo, nitakuwa nimemmaliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Niombee, Mama. Niombee kwa jina na uwaombee na wao.

Nisalimie Bibi, umwambie nimepata kitenge chake. Msalimie dada Mwanahawa na watoto wake, na shangazi wa pale dukani, na Mjomba pia, lakini salamu tu. Na jirani yetu anayekupima presha, mwambie namshukuru sana.

Ni mimi binti yako wa pili, Zainabu. Ningeandika zaidi, lakini wameniita nikale, na sijui nitakaa wapi.